Trela Msimu wa Mvua: Dereva Anaposafiri Peke Yake



Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu hatukai nyuma ya usukani. Tuko kwenye mashine, au tuko shambani na kikapu cha majani ya chai mgongoni. Hata hivyo kazi ya mikono yetu haifiki popote bila trela. Chai ya Teza na ya Rwegura hushuka kutoka milimani, na nyingi huendelea mpaka mnadani Mombasa. Mbolea, simenti, chumvi na vipuri vya mashine zetu hupanda kutoka bandari ya Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Anayevuta mzigo huo ni mfanyakazi kama sisi, na siku hizi mara nyingi yuko peke yake ndani ya gari, kwa sababu tajiri ameona kwamba utingo ni gharama isiyo na faida.

Tumeombwa na madereva wa Buyenzi tueleze kazi hiyo ilivyo katika miezi ya mvua, ili wenzao wa viwandani na mashambani waelewe kwa nini jambo la utingo limeletwa kwenye chama. Tunaeleza kadiri tulivyoelezwa, pamoja na yale tunayoyajua wenyewe.

Kwanza neno moja la kando. Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaofunga kijumba kidogo cha magurudumu nyuma ya motokaa yao, wakaenda safari peke yao katikati ya majira ya baridi, barabara zikiwa na barafu, kwa starehe tu. Wanalala humo, wanapika humo, wakichoka wanarudi nyumbani. Dereva mmoja mzee aliposikia habari hiyo alicheka sana, akasema: "Basi mimi miaka yote hii nimekuwa mtalii, ila sikuambiwa." Lakini hatari wanazoonywa watu hao ni zile zile zinazomkabili dereva wetu: trela linalosukuma gari likiteremka, utelezi, baridi ya usiku, na upweke wa mtu asiye na wa kumshikia taa.

Buyenzi inajulikana kwa mambo ya magari. Mtu akitembea katika zile barabara zake zenye namba, karibu na soko la Ruvumera, atasikia nyundo na mashine za kuchomea chuma tangu asubuhi. Huko ndiko safari inakoanzia, si barabarani. Dereva mwenye akili hulala chini ya gari kabla ya kulala ndani yake.

Anaangalia nini? La kwanza ni maungio ya kichwa na trela. Kufuli ya pini ikiwa imeshika nusu, trela litafuata vizuri katika barabara iliyonyooka, na litaachia mlimani. Kwa hiyo haitoshi kusikia mlio wa chuma. Yafaa kuingia chini na tochi, uone kwa macho kwamba kufuli imefunga, kisha urudi kwenye usukani, ufunge breki za trela peke yake na ujaribu kuvuta kidogo. Lisipoachia, ndipo uende. La pili ni mipira ya upepo. Katika breki za upepo kuna mpira mmoja ambao wakati wote una upepo ndani yake, nao ndio unaoziweka breki za trela wazi. Ukikatika, breki za trela hujifunga zenyewe. Ni ulinzi mzuri, lakini mpira uliochakaa ukikatika ghafla kwenye kona yenye matope, trela hujifunga wakati dereva hakutaka, na hapo ndipo huanza kuserereka.

La tatu ni tairi, na hapa kuna ugomvi wa siku zote. Tajiri huona tairi likiwa bado linashika upepo basi bado ni zima. Wakati wa kiangazi dereva anaweza kuvumilia. Wakati wa mvua mifereji ya tairi ndiyo inayotoa maji chini ya gurudumu, na tairi lenye upara huweza kuelea juu ya maji.

Kutoka Bujumbura hakuna njia ya kuizoea barabara polepole. Mji uko ufuoni mwa ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha mita 770 na zaidi kidogo. Barabara ya taifa namba 1 inapanda mara moja, na baada ya kilomita kama 35 hivi unafika Bugarama, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Kona ni nyingi, bonde liko upande mmoja na ukingo wa udongo upande mwingine. Miezi ya mvua kwetu ni tangu Septemba au Oktoba mpaka Desemba, halafu tena Februari mpaka Mei. Katika miezi hiyo ukungu hushuka barabarani hata mchana, na udongo wa ukingoni huweza kuporomoka.

Na katika barabara hiyo kuna wafanyakazi wengine tusiowasahau: vijana wa baiskeli. Hushuka na ndizi, makaa na mboga kwa kasi ya kutisha, na wakirudi juu hushika nyuma ya malori ili wavutwe. Tunajua wanahatarisha roho zao, na tunajua pia kwamba hawana njia nyingine ya kupanda kilomita 35 na kurudi nyumbani kwa chakula cha siku hiyo hiyo. Dereva akiwa na utingo, utingo huangalia kioo cha upande wa pili na kumwambia, "Shoferi, wako watatu nyuma, usirudi nyuma." Akiwa peke yake anaona upande mmoja tu vizuri, na kama gari likikwama na kuanza kurudi, hajui nani yuko nyuma ya trela.

Hapo tumefika kwenye kiini cha maneno yetu. Mlimani kazi ya kwanza ya utingo ni kabari. Gari lenye mzigo likizimika katikati ya kupanda, utingo huruka na kigogo cha mti au jiwe na kuliweka nyuma ya gurudumu, huku dereva akikanyaga breki. Ni kazi ya sekunde chache. Dereva aliye peke yake hawezi kukanyaga breki na wakati huo huo kuwa nje akiweka kabari. Inambidi aiamini breki ya mkono, ashuke, akimbie. Breki ya mkono ikiwa nzima, sawa. Ikiwa haijatazamwa na fundi tangu kiangazi, anafanya kamari na roho yake na za wale wa baiskeli.

Mwenzetu mmoja wa Buyenzi yalimfika hayo mwezi wa Novemba, usiku, chini kidogo ya Bugarama. Mzigo ulikuwa mzito, mvua ilikuwa kubwa, injini ikazimika. Alivuta breki ya mkono, gari likasimama, halafu likaanza kurudi taratibu. Hakushuka. Alikata usukani mpaka trela likaegemea ukingo wa udongo, nalo likasimama hapo. Alikaa humo mpaka alfajiri mguu ukiwa juu ya breki, asithubutu kuuondoa. Aliporudi, ofisi ya mwajiri wake ilimkata mshahara kwa sababu ya taa ya trela iliyovunjika.

Kuteremka ni kubaya kuliko kupanda, ingawa wageni hufikiri kinyume chake. Breki hufanya kazi kwa kusugua, na kusugua huleta joto. Ukikanyaga breki mfululizo kutoka Bugarama mpaka mjini, ngoma za magurudumu huwaka moto, hutanuka na kuachana na viatu vya breki, na viatu vyenyewe hupoteza mshiko. Unakanyaga, mguu unafika chini, gari haliitikii. Tena kila unapokanyaga unatumia upepo wa matangi, na ukikanyaga mara nyingi kuliko mashine inavyoweza kujaza, upepo hushuka. Kwa hiyo sheria ya wazee ni kwamba mlima unateremkwa kwa gia ile ile ambayo ungeupanda nayo. Gia iingizwe juu, kabla ya kuanza kushuka, na injini ndiyo izuie gari. Breki zikanyagwe kwa nguvu kidogo, kwa muda mfupi, kisha ziachwe zipoe. Wale wanaoweka gia huru ili kuokoa mazuti tumewazika wengi. Tunajua mazuti yalivyokuwa haba nchini mwaka 2024 na 2025, watu wakilala kwenye foleni za vituo vya mafuta, lakini lita mbili hazilingani na mtu.

Katika matope na utelezi kuna ajali nyingine ambayo kila dereva wa trela huiota. Magurudumu ya kichwa yakiserereka huku trela likiendelea kusukuma, gari hujikunja kama kisu cha mfukoni na kichwa hugeukia trela lake. Ikishaanza, karibu haizuiliki. Dawa yake ni kabla: mwendo mdogo, kutokanyaga breki katikati ya kona, kupunguza mwendo wakati gari bado limenyooka. Na maji yakipita juu ya barabara, usimame. Maji yaendayo kasi, hata ya kimo cha sentimita 60 tu, huweza kubeba magari mengi. Utingo hutangulia kwa miguu na fimbo na kupima ukingoni. Aliye peke yake hana wa kumpimia, basi asubiri, hata kama simu ya ofisini inalia.

Tangu Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, mzigo ulizidi kutegemea njia ya Kobero. Unapita Kayanza, Ngozi na Muyinga, unavuka Kobero na kuingia Kabanga upande wa Tanzania. Hapo kuna jambo linaloonekana dogo: Burundi tunaendesha upande wa kulia, Tanzania wanaendesha kushoto. Mchana haisumbui. Usiku wa manane, mvua inanyesha, umeamka usingizini kando ya barabara tupu, mkono unarudi penyewe upande uliouzoea. Mwenzako akiwepo atapiga kelele. Mbele yako kuna misitu ya Ngara na Biharamulo, halafu Kahama, Nzega, kisha mlima Sekenke kabla ya Singida, ambao madereva wote wa njia hiyo huuogopa, halafu Dodoma na Morogoro.

Njiani kuna mizani. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu uzito wa tani 56 kwa gari zima lenye mzigo wake, na ekseli zisizidi 7, na kila ekseli ina kipimo chake. Turubai likivuja na magunia yakilowa, mzigo huongezeka uzito ukiwa barabarani. Faini isije ikamwangukia dereva kwa mzigo ambao hakuupakia yeye.

Sasa baridi. Bugarama usiku wakati wa mvua ni baridi kweli, na gari halina blanketi la tajiri. Wengine huwasha mbabula ya makaa ndani ya gari na kufunga vioo. Tunasema kwa sauti kubwa: hicho ni kifo. Makaa yanayowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humchukua mtu akiwa usingizini, hajui lolote. Huko Ulaya pia, wale wa vijumba vya magurudumu, imewaua watu kwa njia hiyo hiyo. Pika nje, ingia na blanketi, nguo kavu na soksi mbili, na acha kioo wazi kidogo. Dereva aliye na mwenzake hupokezana kuangalia mzigo. Aliye peke yake hulala jicho moja likiwa wazi, akisikiliza kama turubai linakatwa, na asubuhi anaendesha kana kwamba alilala.

Na usingizi ndio jambo ambalo mwajiri hapendi kulihesabu. Wataalamu wamepima, wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huchelewa kutenda kama mtu aliyekunywa pombe. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 153 mwaka 1979 juu ya saa za madereva. Unasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 bila kupumzika, asizidishe saa 9 kwa siku wala 48 kwa juma pamoja na saa za ziada, na apate mapumziko ya saa 10 mfululizo katika kila saa 24. Tufanye hesabu pamoja. Trela lenye mzigo, milima na vizuizi, halizidi wastani wa kilomita 40 kwa saa. Saa 9 ni kilomita 360. Kilomita 1,500 hazimaliziki kwa siku nne, ni ya tano. Mwenye gari anayetaka mzigo kwa siku tatu anamtaka dereva aendeshe zaidi ya saa 12 kila siku, bila kuhesabu foleni ya mpakani. Na akilipa posho kwa safari badala ya kulipa kwa siku, hana haja ya kumwamuru mtu akimbie, maana njaa itamwamuru.

Kwa hiyo madai yaliyoletwa na madereva ni matatu: utingo katika kila trela linalopanda mlimani miezi ya mvua, posho ya siku badala ya posho ya safari, na gari likaguliwe na fundi mbele ya dereva kabla ya kuondoka, karatasi ikisainiwa na wote wawili. Tunawaomba pia wenzetu wanaopakia viwandani na kwenye maghala ya chai wasaidie kwa jambo moja. Mkiona trela lina tairi lenye upara au mpira wa upepo uliofungwa kwa kamba, andikeni namba ya gari na siku, mpeleke kwa mjumbe wa chama mahali penu pa kazi.

Yule mwenzetu wa Novemba bado anaendesha. Siku tulipokwenda kumwona alikuwa gereji hapo Buyenzi, breki ya mkono imefunguliwa, na kando yake kijana mmoja akichonga kigogo kwa panga. Tuliuliza kama tajiri amekubali kumrudisha utingo. "Hajakubali," alijibu. "Huyu namlisha mimi, kwa posho yangu."