Alama za Mizinga katika Pwani ya Uingereza

Mtu akipita porini, mara huona migomba michache, mawe matatu ya jiko yaliyofunikwa na majani, na vigae vya vyungu. Hakuna nyumba, hakuna watu. Walakini anajua kwamba hapo palikuwa kijiji. Udongo umemwambia habari za watu waliohama.

Wako wataalamu ambao kazi yao ni kuuchungua udongo hivyo. Mambo wanayoyatafuta si ya kale sana sikuzote. Katika pwani ya Uingereza wanatafuta alama za vita kubwa ya pili, iliyoanza mwaka 1939 na kuisha mwaka 1945.

Bomu lisilo na rubani

Tarehe 13 ya mwezi wa sita, mwaka 1944, Wajerumani walianza kuupiga mji wa London kwa silaha mpya. Ilikuwa bomu lenye mabawa na mashine, lakini ndani yake hamkuwa na mtu. Jina lake V1. Lilirushwa kutoka Ufaransa, likavuka bahari kwa mwendo wa kilometa 600 hivi kwa saa. Lilibeba baruti ya kilo 850. Watu waliposikia mngurumo wake walitazama juu. Mngurumo ukikatika ghafula, walijitupa chini, maana sasa bomu lilikuwa linaanguka. Katika Uingereza watu zaidi ya 6,000 waliuawa na mabomu hayo.

Mizinga inahama

Kwanza mizinga mingi ya kupiga vitu vya angani iliwekwa ndani ya nchi, kati ya bahari na London. Zikaonekana taabu mbili. Bomu lililopigwa huko liliweza kuangukia mashamba na nyumba za watu. Tena, ndege za Waingereza ziliyafukuza mabomu mahali palepale, nao wapiga mizinga waliogopa kuwapiga wenzao.

Basi katikati ya mwezi wa saba wakubwa wa jeshi walikata shauri: mizinga iende ukingoni mwa bahari. Kwa siku chache tu mizinga mikubwa karibu 400, na midogo mingi, ilihamishwa pamoja na askari 23,000, wanaume kwa wanawake. Tangu hapo bomu lilipigwa juu ya maji, likaanguka majini. Ndege nazo zilipewa mahali pake, mbele na nyuma ya mizinga.

Mzinga mkubwa ni mzito, hukazwa juu ya simenti nene. Lakini simenti hukawia kukauka, na mabomu hayakungoja. Kwa hiyo mafundi walitengeneza vitanda vya reli na mataruma, yaani magogo yanayolazwa chini ya njia ya gari la moshi. Mzinga ukasimama juu yake imara. Wanawake hawakuruhusiwa kufyatua mizinga, lakini walitumia rada, na mashine ya kuhesabu mahali ambapo bomu litafika. Kazi ikaendelea vizuri. Tarehe 28 ya mwezi wa nane yalikuja mabomu zaidi ya 90; ni 4 tu yaliyofika London.

Baadaye Wajerumani walifukuzwa katika pwani ile ya Ufaransa, wakaanza kuyarusha mabomu kutoka katika ndege juu ya bahari. Mizinga ikahama tena, ikapangwa katika pwani ya mashariki.

Alama zilizobaki

Vita ilipokwisha, reli ziling'olewa, mahema yakakunjwa, wakulima wakalima. Leo mtu akitembea hapo huona shamba tu. Wataalamu hujuaje?

Njia ya kwanza ni picha zilizopigwa kutoka katika ndege miaka ile. Katika picha za pwani ya Suffolk wameona mizinga katika safu zake, mahema, na njia zilizokanyagwa na magari.

Njia ya pili ni mimea. Ikiwa simenti imebaki chini ya udongo, mizizi haiwezi kushuka. Jua likiwa kali, mimea ya hapo hukauka kwanza. Mtu aliye juu katika ndege huona alama ya manjano yenye umbo la kitu kilichofichwa.

Njia ya tatu ni kuta zenyewe. Huko East Tilbury, karibu na mto Thames, vimesimama bado viwanja vya mizinga vilivyojengwa kwa simenti, vyenye pembe nane.

Lakini mahali pengine bahari inaumega ukingo mwaka kwa mwaka, na alama zinaanguka majini. Kwa hiyo wataalamu wanafanya haraka kuziandika na kuzichora.

Wazee husema: tenda wema, nenda zako. Askari wale waliokoa watu wengi, wakaondoka, wala hawakuacha ila alama hizo chache. Kuzitunza ni namna ya kuwakumbuka, na kukumbuka ubaya wa vita.

Mtoto akiona kigae cha kale shambani asikivunje, amwonyeshe mwalimu. Lakini chuma cha vita asikiguse kamwe. Awaite wakubwa, maana baruti ya zamani huua hata leo.

Maulizo

1. Kwa nini mizinga ilihamishwa mpaka ukingoni mwa bahari?
2. Vitanda vya mizinga vilitengenezwa kwa vitu gani, na kwa sababu gani?
3. Mimea inaonyeshaje simenti iliyofichwa?
4. Je, karibu na kijiji chako pako mahali walipokaa watu wa zamani? Alama zake ni nini?