Chinsaga na harufu yake

Chambua fungu moja la chinsaga bila haraka, kisha unuse vidole vyako. Utakuta vinanata kidogo, na vimeshika harufu ambayo sabuni ya mara moja haiitoi: kali, ya ubichi, yenye kitu cha haradali ndani yake. Kina mama wanaouza mboga hii Kenyenya, huko Kisii, wameizoea harufu hiyo hata hawaisikii tena. Mgeni ndiye anayekunja pua, na swali lake huwa lile lile: mnaipikaje mpaka harufu iishe?

Jibu langu ni kwamba haiishi, na haifai kuisha. Mpishi hodari wa Kigusii haifukuzi harufu ya chinsaga, bali anaipunguza makali mpaka iwe ladha. Ufundi huo una sababu zake za kisayansi, nami nataka kuzieleza, kwa kuwa naona watu wengi mjini, na siku hizi hata nyumbani, wakiichemsha mboga hii kana kwamba wanafua shuka.

Kitaalamu mmea huu unaitwa Gynandropsis gynandra. Vitabu vingi bado vinauita Cleome gynandra, jina alilolitoa mwanabotania Linnaeus mwaka 1753. Ukoo wake ni jirani wa karibu wa ukoo wa kabeji, sukumawiki na haradali. Jani limegawanyika vipande vitano, mara nyingine vitatu au saba, kama kiganja kilichokunjuliwa. Maua ni meupe au ya waridi hafifu, na nyuzi zake ndefu zimechomoza kama sharubu za paka. Shina huwa la kijani au la zambarau, na sokoni utasikia mabishano yasiyokwisha kuhusu lipi lina mboga tamu.

Majirani wa Wagusii nao wanaijua mboga hii. Wakalenjin huiita isagek au saget, Waluhya tsisaka, Wakikuyu thageti. Sikiliza majina hayo pamoja na chinsaga na utasikia neno moja likivuka kutoka lugha hadi lugha, kwa Wabantu na kwa Waniloti vilevile. Waluo walishika njia yao, wao wanasema akeyo au dek. Nairobi jina lililoshika ni saga. Kiswahili nacho kina mgagani, na kina jina jingine ninalolipenda kuliko yote, mkabili-shemsi, yaani kinachoelekea jua. Aliyelibuni alikuwa na jicho la mtafiti. Majani ya chinsaga hugeuka kweli mchana kutwa yakilifuata jua, nalo jua la saa saba, ambalo hulegeza kabeji mpaka ikainama, ndilo mmea huu unalolipenda.

Sababu ni kwamba chinsaga hutengeneza chakula chake kwa njia ileile ya mahindi, mtama na wimbi, njia ambayo wataalamu huiita C4 na ambayo hutumia vizuri joto na mwanga mkali. Sukumawiki na kabeji hazina ufundi huo. Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza wameuchunguza mmea huu kwa miaka mingi: wanataka kujua jamaa wa kabeji alijifunzaje kazi ya mahindi. Kwa hiyo ukila obokima, yaani ugali, ya wimbi kwa chinsaga, sahani nzima ni ya mimea ya jua, ingawa mvua ya milima ya Machoge ingekufanya udhani vinginevyo.

Sasa turudi kwenye harufu. Ndani ya jani mna kemikali za jamii ya glukosinoleti, na iliyo nyingi zaidi kwenye chinsaga ni ile iitwayo glukokaparini, iliyopewa jina kutokana na kepa, matumba ya kichaka cha Mediterania ambayo Wataliano huyatia chumvi na siki. Pembeni, katika vyumba vingine vya jani, kuna kimeng'enya kiitwacho mirosinasi. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani, kama njiti na ubavu wa kiberiti. Likichanwa, likitafunwa na mdudu au likikunjwa na vidole vyako, vinakutana papo hapo na kuzaa methili isothiosianeti, kitu chepesi kinachoruka hewani na kuchoma pua. Juu ya hayo, shina na majani vimejaa vinyweleo vyenye utomvu, na ndivyo vinavyonata mkononi.

Mmea haukujitengenezea silaha hii ili kumwudhi mgeni. Ni ulinzi dhidi ya wanaoula. Mwaka 1992 watafiti wa kupe hapa Kenya walichapisha matokeo ya majaribio ya maabara na ya malishoni yaliyoonyesha kwamba chinsaga huwafukuza kupe, akiwemo yule anayeeneza ndigana kali, ugonjwa ambao mfugaji wa Kenyenya au wa Transmara hahitaji kuelezwa. Mwaka 2007 ukatoka utafiti mwingine, huu wa mashamba ya mawaridi ya kuuza nje: chinsaga ilipopandwa kati ya mawaridi, utitiri mwekundu ulipungua. Methili isothiosianeti hiyohiyo, ikitengenezwa kiwandani na kutumiwa kwa wingi, ndiyo inayofukizwa udongoni kuua minyoo na ukungu kabla ya kupanda. Usiogope. Ya kwenye sufuria ni kidogo mno, na sehemu kubwa huondoka na mvuke.

Uchungu, hata hivyo, ni habari nyingine, na hapa ndipo wapishi wengi wanapochanganya mambo. Harufu ni ya vitu vinavyoruka. Uchungu unatokana hasa na tanini na jamaa zake, pamoja na glukosinoleti ambazo hazijavunjika, na hivyo vyote hukaa ndani ya jani mpaka maji yavitoe. Moto mkali huua kimeng'enya mapema, harufu mpya ikakoma kutengenezwa. Uchungu unabaki, ukiingia majini polepole. Mpishi asiyejua tofauti hiyo humwaga maji ya kwanza, akamwaga ya pili, akafika hata ya tatu, na kila mara humwaga pia vitamini C na sehemu ya madini. Mwisho anabaki na nyuzi za kijani zisizo na harufu wala faida, akazikaanga kwa vitunguu na nyanya ili zipate kusema kitu.

Jiko la Kigusii linafanya hivi. Majani machanga na ncha laini huchambuliwa, mara nyingine na maua yake, yakaoshwa kabla ya kukatwa, kama yanakatwa kabisa. Huchemshwa kwa maji yanayotosha kuyafunika tu. Kama ni machungu sana maji hupunguzwa mara moja, si mara tatu. Halafu huingia maziwa, au malai iliyoenguliwa juu ya maziwa, na moto unashushwa. Mboga inakaa hapo taratibu, ikinywa maziwa yale na kuongezwa mengine yakipungua. Wengine huchanganya na rinagu au emboga, yaani mnavu au mchicha, ili ukali ugawanyike. Kisha, na hili ndilo muhimu, inaachwa ilale. Chinsaga ya jana, ikipashwa moto leo na maziwa kidogo zaidi, ndiyo inayosifiwa. Ya leo ni ya kuanzia tu.

Maziwa yanafanya nini? Mtu wa Kisii ana mfano wake kila asubuhi, kwenye kikombe. Chai ya rangi iliyokolea hukausha ulimi kwa sababu ya tanini. Ukitia maziwa, protini zake huzikamata tanini hizo na ukakasi unapoa. Kwenye chungu cha chinsaga mambo ni hayohayo. Mafuta ya malai nayo hushika chembe za harufu zilizosalia, zikatoka kidogo kidogo mdomoni badala ya kurukia pua zote kwa pamoja. Usiku ule wa kulala unatoa nafasi kwa maziwa na jani kuingiliana mpaka ndani. Bibi zetu hawakuwa na neno tanini, lakini walikuwa na malai na subira.

Kama unadhani mboga hii ni mambo ya kwetu tu, safiri mashariki kidogo. Mmea huuhuu huota Asia, na huko nako wameupatia dawa ya uchungu bila maziwa. Thailand huyaanika majani mpaka yalegee, wakayatia chumvi na maji yaliyooshea mchele, wakayaacha siku chache yachache. Achari hiyo inaitwa phak sian dong. Malaysia mmea wanauita maman. Katika jimbo la Negeri Sembilan mji mdogo wa Gemencheh umejijengea jina kwa maman ya kuchachushwa, na jimboni humo pia huipika rendang kwa tui la nazi. Bakteria za uchachu hufanya kazi ambayo kwetu hufanywa na malai, na tui lenyewe ni malai ya mtu asiye na ng'ombe. Mpishi wa Lamu au Pemba anayeuona mgagani ukiota ovyo nyuma ya nyumba angeweza kuanzia hapo.

Wajapani wao wana shiso, jani la ukoo wa mrihani, ambalo pia lilianza kama mmea wa porini. Hawalichemshi likapoteza nafsi yake. Hulila bichi pamoja na samaki mbichi, na harufu ndiyo wanayoilipia. Sisemi tule chinsaga mbichi. Nasema tu kwamba kuna mataifa yanayoiona harufu kali ya jani kuwa thamani, nasi tunaiombea radhi mezani.

Wagusii wanaiheshimu chinsaga kwa sababu nyingine pia: ni chakula cha mama aliyejifungua na cha mtu aliyepoteza damu. Hapa naomba nizungumze kwa uangalifu. Gramu 100 za majani mabichi hutajwa kuwa na takriban gramu 5 za protini, miligramu 288 za kalisi na miligramu 6 za chuma, na hizo ni namba za kujivunia kwa mboga ya majani. Lakini chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida, tanini hukizuia, na kalisi ya maziwa nayo hukipunguzia njia. Maana yake, sufuria ileile inayotuliza ulimi inazuia sehemu ya chuma. Hilo haliifanyi chinsaga kuwa chakula kibaya kwa mzazi. Protini na kalisi anavihitaji sana, hasa anaponyonyesha. Ila vidonge vya chuma alivyopewa kliniki asiviache kwa sababu amekula chinsaga. Tunda lenye vitamini C baada ya mlo, chungwa au pera, husaidia chuma kupita. Na chai isubiri saa moja au mbili. Najua ninachoomba, kumnyima Mkisii chai baada ya chakula ni kutafuta ugomvi.

Kwa muda mrefu mboga hizi ziliitwa chakula cha maskini, na vijana wa shule walionea haya harufu yake kwenye nguo. Hali imegeuka. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ni mmoja wa waliotumia miaka mingi kuwashawishi Wakenya wazirudie mboga za kienyeji, na leo mafungu ya chinsaga husafiri kutoka Kisii hadi masoko ya Nairobi. Pamoja na soko umekuja wito wa kutafuta mbegu isiyo chungu na isiyonuka. Mimi siungi mkono. Ukiutoa uchungu wote na harufu yote umeuvua mmea silaha zake dhidi ya wadudu, halafu utamrudishia mkulima chupa ya dawa ya kupulizia.

Tena mmea wenyewe hauna makuu. Ungali nusu wa porini. Huota wenyewe pembeni ya zizi la ng'ombe na kwenye jaa, kwa kuwa hupenda samadi kuliko kitu chochote. Usichostahimili ni maji yaliyotuama. Ukiupanda bustanini, unaweza kuanza kuchuma baada ya wiki nne hadi sita. Ukame au udongo uliochoka huuharakisha kutoa maua, na ukishachanua majani hupungua na kukomaa, hivyo kata vichwa vya maua mapema na uongeze samadi.

Lakini usivikate vyote. Acha mashina matatu au manne, yale yaliyochelewa kuchanua, yazae mpaka maganda yake marefu ya mbegu yageuke rangi ya manjano, uyakaushe kivulini kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu chini. Mbegu hizo nyeusi usizipande mwezi unaofuata, kwa maana mbegu mbichi ya chinsaga hulala na haioti vizuri. Zifunge kwenye karatasi, uzihifadhi pakavu, na uziache angalau miezi mitatu. Zilizovunwa Juni zitakuwa tayari kwa mvua za vuli.