Injini ikizima juu ya Nuu

Ukiitazama Nuu, kule Kitui, kutoka hewani mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za vuli, kinachovutia macho ni mto mkavu: mpana, mweupe, hauna mti. Rubani ambaye injini yake imezima asiuamini. Mchanga wa mito ya Kitui ni laini, gurudumu la mbele huzama na ndege nyepesi hupinduka. Afadhali shamba la mtama lililokwisha kuvunwa, mradi atue sambamba na makinga maji, asiyakate.

Kazi ni kufika hapo shambani, hasa kwa ndege ya kujiundia. Mwaka 2012 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilitoa ripoti kuhusu ndege wanazojiundia watu binafsi. Ajali zilizoongoza ni za injini kufeli na za rubani kushindwa kuidhibiti ndege angani. Zilizoua zaidi ni hizo za pili. Nazo zinaweza kuzaliwa na zile za kwanza kwa sekunde chache tu, maana ndege hizi ni nyepesi na nyingi hukinzana sana na hewa: rafadha ikiacha kuvuta, mwendo hupotea papo hapo. Rubani akivuta usukani ili abaki juu, au akikata kona kali arudi alikotoka, bawa huacha kubeba. Ashushe pua kwanza, mwendo urudi, ndipo aguse swichi na koki za tangi. Akiwa mita 300 juu ya ardhi, katika ndege inayosonga mita nane kwa kila mita inayoshuka, amebakiwa na kilomita 2.4 kama hakuna upepo.

Joto nalo hula nguvu kabla chochote hakijaharibika. Mahali penye mwinuko wa mita 700, nyuzi 33 za mchana huifanya hewa iwe nyepesi kama ya mita 1,500 hivi, na injini ya kawaida hupungukiwa na takriban asilimia 15 ya nguvu ilizo nazo kwenye usawa wa bahari katika hali ya hewa ya kawaida.

Injini ikizima kabisa, watu hufikiria pistoni. Mimi huanza na mabomba ya mafuta, kwa kuwa ndiyo aliyoyapanga mjenzi wa ndege kwa akili yake mwenyewe. Bomba likipita karibu na ekzosi, petroli huchemka na mvuke huziba njia. Asubuhi yenye unyevu, barafu hujijenga ndani ya kabureta hata kama nje kuna nyuzi 20.

Hata ndege ya kiwandani haijasalimika. Mwaka 1936 Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kuwahi kuruka Ukambani akiwatafutia wawindaji ndovu, alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza. Karibu na pwani ya Kanada injini ilizima. Inaaminika barafu iliziba tundu la hewa la tangi. Petroli ilikuwamo, haikushuka. Alitua kwenye kinamasi, akatoka na jeraha la kichwa.

Kushuka kwa petroli hupimwa ndege ikiwa bado chini. Inua pua kama ndege inayopaa, fungua bomba kwenye kabureta, kinga petroli kwa jagi, mbali na moto. Tangi linaloshusha mafuta kwa uzito wake lipitishe asilimia 150 ya mahitaji ya injini wakati wa kupaa. Injini inayotumia lita 24 kwa saa inataka mililita 600 kila dakika.