Gemu aliyoinunua mwanao ni mali ya nani?

Mwenye nyumba akitakiwa ushahidi wa milki yake hutoa hati. Mwenye gari hutoa kadi. Mwenye ng'ombe huonyesha alama aliyomtia mnyama wake, na asiye na karatasi wala alama huwaita majirani wamshuhudie. Jambo hili halina ugeni kwetu: anayedai kuwa kitu ni chake ndiye anayepaswa kuleta ushahidi. Lakini leo dai hilo limeingia hadi sebuleni, na anayeulizwa ni kijana wa miaka 14 aliyeketi mbele ya kompyuta. Kabla ya kuruhusiwa kucheza na wenzake, kutoa maoni juu ya mchezo, au hata kuufungua tu, huambiwa kwanza athibitishe kwamba gemu hiyo ni yake.

Wazazi wengi huyaona haya kuwa mambo ya watoto. Sivyo. Fedha iliyolipwa ni ya mzazi, kadi ya benki iliyotumika ni ya mzazi, na jina lililo juu ya risiti mara nyingi ni la mzazi. Makala haya yanaeleza jinsi ushahidi huo ulivyoanza, jinsi ulivyobadilika, na kwa nini familia yenye ushahidi uliokamilika bado inaweza kujikuta haimiliki chochote.

Ushahidi ulipokuwa mkononi

Katika miaka ya 1980 gemu ya kompyuta iliuzwa ndani ya boksi, ikiwa katika kanda au diski. Kudurufu kanda au diski hakukuwa kazi kubwa, hivyo watengenezaji wakatafuta njia ya kumtambua aliyenunua kwa haki. Njia waliyoipata ilikuwa kuuliza juu ya kitu kilichomo ndani ya boksi, ambacho mwenye nakala ya kuibia hana.

Prince of Persia, gemu ya Mmarekani Jordan Mechner iliyotoka mwaka 1989, ilimsimamisha mchezaji baada ya hatua ya kwanza mbele ya chupa za dawa zenye herufi. Mwenye kijitabu cha maelezo alifungua ukurasa aliotajiwa akaipata herufi sahihi. Asiye nacho alibaki kubahatisha. SimCity, ya mwaka huohuo, ilikuja na karatasi nyekundu iliyokoza, ili mashine ya kutolea kopi ishindwe kuisoma. Na mwaka 1990, The Secret of Monkey Island ilikuja na duara mbili za karatasi ngumu, moja juu ya nyingine, ambazo mchezaji alizizungusha mpaka sura ya haramia ikalingana na ile iliyo kwenye skrini, ndipo akasoma mwaka wa kuandika.

Njia hizi zilikuwa na kasoro zake. Gemu ya Elite, katika toleo la kompyuta ya ZX Spectrum la mwaka 1985, ilimtaka mchezaji aweke kilenzi cha plastiki mbele ya skrini ili asome herufi zilizovurugwa. Baadhi ya maboksi yakafungashwa na kilenzi kisicho chake. Mtu alilipa fedha yake ya halali, akafika nyumbani, akafungiwa nje ya mali yake. Kipimo cha ushahidi kikiwa kibovu, wa kwanza kuumia ni mwaminifu.

Hata hivyo, ushahidi wa zama zile ulikuwa na sifa moja kubwa: ulifuatana na mali. Kaka aliyeichoka gemu yake alimpa mdogo wake boksi zima, na duara za karatasi zikaenda pamoja nalo. Hakuhitaji idhini ya mtu yeyote.

Ushahidi ulipohamia kwa muuzaji

Katika miaka ya 1990 ilienea namba ndefu iliyochapwa kwenye kasha la diski. StarCraft ya kampuni ya Blizzard, iliyotoka mwaka 1998, iliikagua namba hiyo kila mchezaji alipotaka kucheza na wengine kupitia intaneti. Namba moja haikuweza kuwaingiza watu wawili kwa wakati mmoja. Hapo ndipo mambo yalipoanza kugeuka: anayeamua kama ushahidi wako ni sahihi hakuwa tena kijitabu kilicho mezani kwako, bali mashine ya kampuni iliyo mbali nawe.

Septemba 2003 kampuni ya Valve ya Marekani ilifungua duka na huduma iitwayo Steam. Mwaka uliofuata ilipotoa gemu ya Half-Life 2, hata aliyenunua diski dukani alilazimika kufungua akaunti na kuthibitishwa kwa intaneti kabla ya kucheza. Tangu wakati huo ushahidi haumo tena ndani ya boksi. Umo katika daftari la muuzaji.

Ni haki kusema kwamba masharti haya yana sababu zake. Matapeli hufungua akaunti za bure kwa wingi, wakawatumia watoto viunganishi vya kuwaibia, na wadanganyifu waliofukuzwa mchezoni hurudi kwa jina jipya. Ndiyo maana tangu mwaka 2015 akaunti ya Steam ambayo haijatumia walau dola 5 za Marekani haiwezi kutuma maombi ya urafiki kwa wachezaji wengine. Vilevile anayetaka kuandika tathmini ya gemu sharti awe nayo katika akaunti yake, ili asije mtu akaisifu au kuiponda bidhaa asiyoijua. Mzazi yeyote atakubali kwamba mlango wenye mlinzi ni bora kuliko mlango ulio wazi.

Tatizo huanza pale mlinzi anapojifanya mwenye nyumba. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kuwa mashine yake mpya, Xbox One, itahitaji kuunganishwa na intaneti walau mara moja kila saa 24, na kwamba kumpa mtu diski iliyokwisha kutumika kutakuwa na masharti. Washindani wao, Sony, wakatoa video fupi mno ikionyesha namna ya kumwazima mwenzako gemu kwenye mashine yao: mtu mmoja anampa mwingine kasha, basi. Wanunuzi walipaza sauti, na mwezi Juni mwaka huohuo Microsoft ikaondoa masharti hayo.

Ushahidi upo, gemu haipo

Kisa cha The Crew kinapaswa kujulikana na kila mzazi. Hii ni gemu ya mbio za magari ya kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa, iliyotoka Desemba 2014. Hata aliyecheza peke yake alihitaji kuunganishwa na seva za kampuni. Tarehe 31 Machi 2024 seva hizo zilizimwa, na gemu ikafa kwa wote, waliokuwa na diski na waliopakua. Kisha leseni zikaanza kuondolewa katika akaunti za wanunuzi. Mtu alikuwa na risiti, ana kasha, ana diski, na jina lake lilikuwa katika daftari la kampuni. Ushahidi wote aliokuwa nao haukumsaidia, kwani ulithibitisha kwamba alilipa. Haukuthibitisha kwamba kitu ni chake.

Malalamiko yaliyofuata yalizaa harakati iitwayo Stop Killing Games, na ombi lao mbele ya Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni 1 mwezi Julai 2025. Katika jimbo la California, Marekani, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Isipokuwa kama bidhaa hiyo inaweza kupakuliwa na kuhifadhiwa moja kwa moja bila kuhitaji intaneti, hapo muuzaji hana wajibu huo. Sheria hiyo haikuirudisha gemu ya mtu yeyote, lakini imelazimisha jambo liitwe kwa jina lake.

Ni bei au ijara?

Katika mitaa yetu vipo vibanda vya gemu ambako mtoto hulipa kwa muda. Muda ukiisha, mwenye kibanda humwambia ainuke. Hakuna anayegombana, kwa kuwa kila upande unajua kilichouzwa: si mashine, si gemu, ni nusu saa. Mtoto yule hadhani kwamba amenunua kitu.

Wanazuoni wetu, katika mlango wa miamala, hutenganisha bei na ijara. Katika bei mnunuzi hukimiliki kitu chenyewe. Katika ijara hupata manfaa yake tu, kwa muda au kazi inayojulikana na pande zote mbili. Hukumu ya kila mkataba ni kazi ya wenye elimu yake, lakini mzazi anaweza kupima mwenyewe kwa maswali mepesi. Je, naweza kukiuza kitu hiki? Naweza kukitoa zawadi? Nikifa, warithi wangu watakipata?

Kwa gemu nyingi za akaunti, majibu ni hapana. Mkataba wa Steam unasema wazi kwamba gemu hutolewa kwa leseni wala haziuzwi, na kwamba akaunti haihamishwi kwa mtu mwingine. Chama cha kutetea walaji cha Ufaransa, UFC-Que Choisir, kiliipeleka Valve mahakamani ili mnunuzi aweze kuuza gemu aliyomaliza kuitumia. Kilishinda jijini Paris mwaka 2019, kikashindwa katika rufaa mwaka 2022. Basi kijana anayetumia miaka 10 kukusanya gemu 100 hajakusanya mali ya kurithisha. Amekusanya ruhusa 100, na muda wa kila ruhusa haujulikani. Mwenye kibanda cha mtaani ameufanya mkataba wake wazi zaidi.

Hoja ya nakala za bure

Wapo vijana wanaosema: kama kununua si kumiliki, basi kunakili si kuiba. Ni hoja inayovutia, na mzazi asiyekuwa na jibu atashindwa nayo. Jibu ni kwamba mkataba usiokuridhisha unakupa haki ya kutouingia. Haukupi haki ya kuchukua kazi ya mtu bila ridhaa yake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, liliamua kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zina thamani ya mali na hazifai kuvunjwa. Tanzania nayo inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayolinda programu za kompyuta pamoja na vitabu na nyimbo.

Zaidi ya hayo, nakala ya flashi humfundisha mtoto tabia. Atakapotakiwa ushahidi atatafuta risiti ya mtu mwingine, au atanunua akaunti ya mtu asiyemjua, au atapiga picha kasha lisilo lake. Ushahidi wa uongo juu ya gemu bado ni ushahidi wa uongo.

Mambo ya kufanya nyumbani

Kwanza, akaunti ifunguliwe kwa ukweli. Steam hairuhusu aliye chini ya miaka 13 kuwa na akaunti, na watoto wengi hupita hapo kwa kudanganya mwaka wa kuzaliwa. Kwa waliofikia umri, upo utaratibu wa kundi la familia la watu wasiozidi 6, unaomwezesha mzazi kuona na kuwekea mipaka kinachochezwa. Lakini mzazi ajue: mtoto akifanya udanganyifu kwa kutumia gemu ya mzazi na akafungiwa, mzazi naye hufungiwa katika gemu hiyo.

Pili, akaunti isajiliwe kwa baruapepe ambayo mzazi anaifikia, na risiti zote zihifadhiwe pamoja. Akaunti ikiibwa, kampuni itauliza ilinunuliwa lini na kwa malipo gani. Asiye na risiti atadai haki yake mikono mitupu.

Tatu, mtoto afundishwe mpaka wa ushahidi. Risiti ikibidi kutolewa, ipelekwe kwa kampuni yenyewe kupitia njia yake rasmi, si kwa mtu aliyejitokeza akijiita msimamizi. Namba za kadi na anwani ya nyumbani zifichwe kabla ya kutuma picha. Namba ya gemu isiyokwisha kusajiliwa isionyeshwe kwa yeyote, maana atakayeiona anaweza kuitumia kabla ya mwenyewe. Na neno la siri halijapata kuwa ushahidi wa milki. Anayeliomba ni mwizi.

Nne, kabla ya kulipa, iulizwe kama gemu hiyo inafunguka bila intaneti. Yapo maduka, kama GOG la Poland lililoanza mwaka 2008, yanayomruhusu mnunuzi kupakua faili kamili na kulihifadhi katika diski yake. Hata kule mnunuzi hapewi ruhusa ya kusambaza nakala, lakini duka likifungwa kesho, faili litabaki kwake.

Wiki hii mzazi atenge nusu saa aketi na mwanawe, wafungue pamoja orodha ya gemu zilizolipiwa. Kwa kila moja waulizane: imesajiliwa kwa jina la nani, risiti yake iko wapi, na seva zikizimwa kitabaki nini. Zile ambazo jibu la mwisho ni "hakuna" zihesabiwe katika bajeti ya nyumba mahali zinapostahili, pamoja na kodi na nauli, si pamoja na vyombo vya ndani.