Ulinzi wa Mabaki ya Meli ya SS Thistlegorm dhidi ya Boti za Wapiga Mbizi
Meli ya Uingereza SS Thistlegorm, iliyobeba shehena ya vita, ilizamishwa na ndege za Ujerumani tarehe 6 Oktoba 1941 katika Bahari ya Shamu, upande wa Misri. Watu 9 walifariki. Mabaki yake, yaliyo katika kina cha takriban mita 30, huvutia wapiga mbizi wengi. Boti inapofungwa kwenye mabaki hayo, mawimbi huivuta, nayo kamba hung’oa vyuma vilivyokwisha kudhoofishwa na kutu. Maboya yaliyofungwa kwenye sakafu ya bahari, kando ya meli, huyaondolea mabaki mvuto huo. Hata hivyo, maboya yasipokaguliwa hukatika, na manahodha hulazimika kuifunga tena meli yenyewe. Kwa hiyo, matunzo ya kudumu ndiyo kiini cha ulinzi.