Fimbo Yenye Kiti na Wagumu wa Kilimanjaro

Katika toleo hili tunawaletea habari ya fimbo. Msicheke. Sisi tulicheka, na baadaye tukakaa vikao vitatu kwa ajili yake.

Ilikuwa asubuhi kwenye lango la Machame, mahali pa kupimia mizigo. Mlima una mita 5,895 na kila mtu anajua, lakini pengine hamjui kuwa wapagazi wa huku tunawaita wagumu, na kwamba mgumu haruhusiwi kubeshwa zaidi ya kilo 20 za mzigo wa msafara. Kazi yetu siku ile ilikuwa kusimama karibu na mizani na kutazama. Ukitazama kwa subira utaona mengi. Utaona furushi linapimwa, linaandikwa kilo 20 kamili, na likishapita kona ya kwanza linaongezewa mtungi wa gesi.

Basi katika foleni alikuwapo bibi mmoja mgeni, mwalimu mstaafu kutoka Uingereza. Mkononi alikuwa na mkongojo wa bomba la alumini, mwepesi, haufiki hata kilo moja. Alipochoka kusubiri aliubonyeza mahali fulani, ukapanuka miguu mitatu, na kikao cha duara kikalala juu yake. Akakaa huku mpini ukiwa mbele yake na magoti yake huku na huku. Ndivyo inavyotakiwa, maana ukiupa mpini mgongo kama kiti cha nyumbani utaanguka chali. Vijana walipiga makofi.

Bibi akainuka, akamkaribisha Mzee wetu akae. Tunamwita hivyo kwa sababu ndiye mkubwa kuliko wagumu wote wa msafara ule, amepita miaka 50. Mzee alikuwa ameshajitwisha. Akajibu, "Asante mama, lakini nikikaa na mzigo huu nani ataninyanyua?"

Watu walicheka tena, lakini sisi jibu lile lilituingia. Mgumu hapumziki kama mgeni. Kutua mzigo peke yako si kazi, kazi ni kujitwisha tena peke yako. Kwa hiyo njiani hutafuta jiwe la kimo cha kiuno, akaegemeza furushi hapo akiwa amesimama. Pasipo na jiwe anaendelea tu. Na ndani ya furushi la Mzee siku ile mlikuwa na viti sita vya kukunja na meza, vya hema la kulia chakula la wageni. Kule Barafu, zaidi ya mita 4,600, atavifungua viti vyote sita, atavipanga, kisha atakwenda kukaa juu ya jiwe lenye barafu.

Tulipouliza-uliza habari za fimbo hizi tuliambiwa kuwa huko Uingereza mabwana wa kuwinda ndege na wa kutazama mbio za farasi wanazo tangu zamani. Yao ina mguu mmoja wenye ncha ya chuma, na kisahani juu ya ncha ili isizame katika udongo. Nchi hiyo hiyo, mwaka 1899, ilibidi itungwe sheria kuwalazimisha wenye maduka kuweka kiti kimoja kwa kila wanawake watatu wanaouza humo, kwa kuwa walikuwa wakisimamishwa kutwa nzima. Bwana alikuwa na kiti cha kutembea nacho porini, na binti wa dukani hana kiti mahali anapolipwa mshahara.

Kiongozi mmoja wa misafara akatueleza la Nepal, nasi likatupendeza zaidi. Wapagazi wa kule hubeba kapu mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, na mkononi wana fimbo fupi yenye umbo la herufi T, iitwayo tokma. Akitaka kupumzika huisimamisha nyuma yake na kuliweka kapu juu yake, naye anabaki wima bila uzito. Tazameni tofauti: fimbo ya bwana humbeba bwana, ya mpagazi hubeba mzigo. Kwetu haifai sana, maana wengi wetu hubeba kichwani na shingoni.

Tukasema tujaribu wenyewe. Tulimpa fundi wa kuchomelea hapa mjini mabomba ya chuma na kipande cha turubai. Alitengeneza fimbo nzuri kwa macho. Ilikuwa na kilo mbili na nusu, yaani kuzidi blanketi la mgumu. Siku ya kikao mhazini wetu, ambaye ni mtu wa mwili, aliikalia ili kuonyesha mfano, bawaba ikakatika. Hakuumia, lakini hoja ya fimbo iliishia hapo. Vijana walisema wazi: fedha za kununulia vikorokoro ziwekwe kwenye viatu. Walikuwa na haki.

Wakati huo msafara ulikuwa umeshateremka kupitia Mweka. Kutoka Barafu hadi lango la Mweka unashuka karibu mita 3,000, na hapo ndipo magoti hulia. Bibi alimwachia Mzee mkongojo wake. Jioni, wakati wa kugawa bakshishi, mkuu wa msafara akataka kumkata Mzee sehemu yake, eti zawadi ameshapata. Tuliitwa kwa simu. Tulikwenda, tukabishana mpaka usiku, Mzee akapewa fedha zake zote.

Hapo ndipo tulipoona kuwa wagumu hawakukosa fimbo. Walichokosa ni ruhusa ya kukaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Sisi wenyewe tuliishia darasa la saba, kifungu hicho tulisomewa mara nne mpaka tukakishika kichwani. Mkataba namba 120 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, nao unataka wafanyakazi wawekewe viti vya kutosha na wapewe nafasi ya kuvitumia, ila unahusu maduka na maofisi. Mlima haumo.

Tuliwaendea matajiri watatu na madai mawili: saa nzima ya kutua mizigo mchana, na wagumu wakalie viti vya hema wageni wakishakwenda kulala. Wa kwanza alikubali na kuweka sahihi. Wa pili alisema viti vitachafuka, tena wagumu si waajiriwa wake, ni watu wa safari moja moja. Huyo tunaendelea naye, na tumemwomba mwanasheria atusaidie kwa neno hilo la "safari moja". Wa tatu hajajibu barua mpaka leo.

Mzee wetu alipanda tena mwezi uliopita, na tajiri yule aliyetia sahihi. Mkongojo aliuacha nyumbani Kibosho. Mkewe anaukalia akichambua kahawa.