Jinsi Saraka ya Mtandaoni Ijuavyo Kilicho Karibu Nawe

Mtu aliyeko Kizingo, Mombasa, aandikapo katika saraka ya mtandaoni kwamba ataka maduka ya dawa yaliyo karibu naye, hupewa jawabu mara moja, naye aghalabu hudhani ya kuwa mashine ile inaujua mji kama aujuavyo mwenyeji. Hakika ni kwamba haiujui: kila mahali kwake ni namba mbili tu, na usahihi wa jawabu lake watokana na uangalifu wa walioziandika namba hizo.

Namba ya kwanza ni latitudo, ambayo ni kiasi cha kuwa kaskazini au kusini ya ikweta. Ya pili ni longitudo, kiasi cha kuwa mashariki au magharibi ya mstari wa Greenwich. Upande wa kusini na wa magharibi huwekewa alama ya kutoa, kwa hiyo Mombasa huandikwa -4.05 na 39.67. Kwa kuwa nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, kosa dogo la kuandika huwa kubwa ardhini: karani akiisahau ile alama ya kutoa, duka la Mombasa huhamia kusini mwa Ethiopia, akizigeuza namba, ya pili ikatangulia ya kwanza, duka hilo huonekana Hispania, jirani na mji wa Toledo.

Mahali alipo mwenye kutafuta hujulikana kwa njia mbalimbali, wala hazilingani kwa usahihi. Simu iliyo uwanjani, yenye kupokea mawimbi ya setilaiti nne au zaidi, huweza kukisia kwa tofauti ya mita chache. Iliyo ndani ya jengo hutegemea minara ya simu na mitambo ya Wi-Fi iliyo jirani. Ama kompyuta isiyo na vifaa hivyo hupimwa kwa anwani yake ya mtandao tu, ambayo pengine huonyesha mji ilipo mitambo ya kampuni ya intaneti, ilhali mtumiaji yuko mji mwingine.

Namba za pande zote mbili zikishapatikana, masafa hupimwa kwa kanuni ya havasaini, waliyoitumia mabaharia tangu karne ya 19, kwa sababu dunia ni mviringo na hesabu ya karatasi bapa haiifai. Lakini saraka yenye mamilioni ya maduka haiwezi kupima masafa ya kila moja kwa kila mtu aulizaye, ndipo wataalamu wakabuni njia za kuigawa dunia. Mojawapo ni jiohashi, aliyoitoa Gustavo Niemeyer mwaka 2008: dunia hugawanywa vipande 32, kila kimoja kikapewa alama ya herufi au tarakimu, kila kipande nacho hugawanywa vivyo hivyo, hata zikitimia alama tano, kipande kilicho karibu na ikweta huwa na upana wa takriban kilomita 5 kila upande. Maduka yaliyo katika kipande kimoja huwa na mwanzo mmoja wa alama, basi programu huyachambua hayo na kuyaacha mengine yote.

Njia hiyo ina kasoro mipakani. Huko Nanyuki, inakopita ikweta, duka lililo hatua chache kaskazini ya mstari alama zake huanza kwa s, na jirani yake wa kusini kwa k, kana kwamba wametengwa na bahari. Kwa ajili hiyo saraka iliyotengenezwa vyema haitosheki na kipande cha mwulizaji, bali huvitazama pia vile vinane vinavyokizunguka, kisha ndipo ipime masafa na kuyapanga majina.

Hata hivyo, masafa hayo ni ya mstari ulionyooka, naye binadamu hapiti hewani. Kwa aliyeko Kizingo, duka la ng'ambo ya Likoni laweza kutangulia la Majengo, ingawa kulifikia kwahitaji kungoja feri na kuvuka. Wala haitakuwa mashine imekosea hesabu, bali imeulizwa umbali, haikuulizwa njia. Saraka yenye kuwajali watu huongeza hesabu ya barabara na vivuko, pamoja na saa za kufunguliwa kwa duka, maana lililo karibu lakini limefungwa halimfai mgonjwa.

Wajibu uliobaki ni wetu. Miji yetu imezoea kuelekezana kwa msikiti, kwa mbuyu na kwa nyuma ya soko, maelekezo ambayo mwenyeji huyafahamu na mashine haiwezi kuyapima. Na saraka ikikosa anwani kamili, huenda ikamweka mfanyabiashara katikati ya mtaa au ya mji mzima, mbali na mlango wake. Yampasa basi mwenye duka asimame mlangoni pake, aithibitishe mwenyewe nukta yake katika ramani, na kuibadilisha siku ahamapo. Nukta ile ni ahadi kwa asiyemjua, na huenda atakayeifuata usiku akawa mzazi anayemtafutia mtoto wake dawa.